Uzi Mweusi Kwenye Bunduki ya Amidi

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya bunduki nilikwenda nimevaa shati la udereva, kwa sababu hadi asubuhi ile nilikuwa dereva. Kafili wangu, yaani mdhamini aliyeniajiri, mwenye nyumba kubwa Al-Naseem, mashariki mwa Riyadh, alinitoa kwenye usukani bila maelezo mengi. Wiki moja kabla, mkono wa mbao wa birika lake la kahawa ulikuwa umevunjika. Lilikuwa birika la marehemu mama yake. Nikamchongea mkono mwingine kwa kisu cha jikoni na kipande cha mguu wa kiti kilichotupwa. Mimi nimezaliwa Wamunyu, Ukambani, na kwetu mtoto hushika tindo kabla ya kushika kalamu, kwa hiyo sikuona kwamba nimefanya jambo kubwa. Yeye aliligeuza lile birika mikononi kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Musyoka, huko kwenu ulikuwa unafanya kazi gani?"

Nikamwambia nilikuwa mchongaji wa vinyago.

"Halas, imetosha," akasema. "Kesho tunakwenda Suwaidi."

Karakana yake, katika mtaa wa Al-Suwaidi, ilikuwa nyuma ya duka lake la vifaa vya uwindaji, duka lenye leseni, mlango wa chuma na kamera mbili. Hakuna bunduki iliyoingia pale bila karatasi za mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kuigusa namba iliyogongwa kwenye chuma. Hilo niliambiwa kabla hata ya kuonyeshwa choo kilipo. Mkuu wa karakana alikuwa mzee mfupi mwenye jozi mbili za miwani, moja machoni na nyingine juu ya paji la uso. Ujana wake wote aliutumia kutengeneza silaha za jeshi. Watu wote walimwita Muallim. Kwa Waarabu hilo ni jina la fundi mkuu, lakini mimi nilisikia mwalimu, na kwa miaka yote niliyokaa naye sikuona tofauti.

Hakunisalimia kwa mkono. Alinipa kitako kikuukuu, yaani ile sehemu ya mbao ambayo mpiga bunduki huiegemeza begani.

"Huu ni mti gani?"

Nikaunusa. Nikaukwaruza kwa ukucha, nikaupima uzito kiganjani. Mpingo naujua, muhugu naujua, mzeituni naujua hata nikiwa nimefumba macho. Huu sikuujua.

"Sijui, Muallim."

"Aliyekutangulia aliniambia anaujua," akasema, akishusha miwani ya pajini. "Alikuwa ananidanganya. Kaa hapo."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Kabla sijaendelea, niwaeleze vijana kazi yenyewe ilikuwa nini, maana nikisema nilitengeneza bunduki watu hunitazama kwa jicho la wasiwasi. Zipo bunduki zilizotengenezwa kwa ajili ya vita vya zamani, vita vya enzi za babu zetu. Vita vilipokwisha, majeshi yaliziuza. Zikazunguka dunia, nyingine zikaishia katika familia za watu wa jangwani, zikarithiwa kama panga au vito. Bunduki ya vita ni ndefu na nzito, imevikwa mbao karibu hadi mdomoni, na haikupimiwa mtu yeyote. Ilitengenezwa kwa bega la askari yeyote yule. Mwenye kuirithi akitaka kwenda nayo kuwinda, na wateja wetu wengi walikwenda kuwinda nchi za nje kwa vibali, aliileta kwetu ipunguzwe uzito, ivuliwe zile mbao za kijeshi, ifungwe darubini ya kulengea, na ichongewe kitako kipya kinachomkaa yeye na si mtu mwingine.

Kazi ya chuma ilikuwa ya Muallim. Mimi nilikuwa mtu wa mbao. Pale karakanani waliniita Najjar, seremala, nami nikaitika.

Mbao tuliyotumia ni ya mjozi. Hufika ikiwa gogo zito la rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa, na ndani yake mna mistari myeusi inayojipinda kama moshi. Ukishaikata umbo, kazi ngumu haiko nje. Iko ndani, pale chuma kinapolala. Chuma lazima kilale kwenye mbao kama mbegu ndani ya embe, bila nafasi hata ya karatasi, la sivyo kila mlio utakisogeza na shabaha itapotea. Sasa utajuaje ni wapi panagusa na wapi hapagusi, na kila kitu kimefunikwa? Muallim alinifundisha kutumia masizi. Tulikusanya masizi ya taa, tukayachanganya na tone la mafuta, tukakipaka chuma kwa brashi ndogo. Unakilaza chuma kwenye mbao, unakigonga kidogo, unakitoa. Palipogusa pameacha alama nyeusi. Unachukua patasi na kukwangua ile alama tu, si zaidi. Unapaka tena. Kwa kitako kimoja utarudia mara mia mbili, pengine mia tatu.

"Mbao na chuma havizungumzi lugha moja," Muallim aliniambia. "Masizi ni mkalimani wao. Msikilize mkalimani, usiwasikilize wao."

Siku aliponiruhusu kuchungulia ndani ya mtutu kwa mara ya kwanza, nikiuelekeza dirishani, nilisahau kupumua. Ndani ya lile bomba kuukuu, ambalo nje lilikuwa na madoa kama ngozi ya mzee, mlikuwa na mwanga uliozunguka. Ni mifereji myembamba iliyochimbwa kwa kujipinda toka mwanzo hadi mwisho, kazi yake ni kuizungusha risasi ili iende sawa. Iling'aa kama maji. Mtu aliyeichimba alikufa kabla baba yangu hajazaliwa. Na kila kipande, hata msumari wa parafujo mdogo kuliko punje ya mtama, kilikuwa kimegongwa muhuri wa mkaguzi: herufi moja, au taji dogo, au nyota. Muallim alinionyesha mihuri ile mmoja mmoja kwa ncha ya sindano, bila haraka. Kila muhuri, alisema, ni mtu aliyesimama mbele ya kazi akasema hii imepita.

Nilikaa naye Riyadh miaka minne. Kisha kafili akafungua duka la pili Jeddah na kunihamishia huko.

Jeddah nilipanga Kandara, karibu na kituo cha zamani cha mabasi, chumba kimoja na dereva wa lori la maji, kijana wa Kisumu aitwaye Otieno. Hewa ya Jeddah ina unyevu wa bahari, na mbao iliyonyooka Riyadh ilivimba huko ndani ya wiki moja. Ilinibidi nijifunze upya kazi niliyodhani naijua. Nilipaka mafuta ya kitani hata ndani ya mashimo ambayo hakuna mtu angeyaona. Nikaacha kitako siku kumi kabla ya kukigusa tena. Kwa sababu hiyo sikuelewana na mkuu wangu mpya.

Huyu aliitwa Mudiri, yaani meneja. Alikuwa bado na umri mdogo, mchapakazi, hodari wa kuzungumza na wateja, na sitaki kumsema vibaya. Lakini hakuwahi kushika patasi. Kwake kila kazi ilikuwa na siku yake kwenye kalenda. "Yalla, Najjar, yalla," alisema kila alipopita mlangoni kwangu, kama mtu anayefukuza kuku.

Mwaka wa pili, aliingia mteja ambaye Mudiri alimfungulia mlango mwenyewe. Alikuwa mzee mrefu, mgongo umenyooka kama mlingoti. Cheo chake cha jeshini kilikuwa Amidi, kikubwa sana, na ingawa alikuwa amestaafu kila mtu alimwita hivyo. Alikuja na binti yake, daktari wa watoto, na bunduki ya vita iliyofungwa kwenye blanketi la sufu.

"Ilikuwa ya baba yangu," Amidi alisema. "Nilifundishwa nayo nikiwa na miaka kumi na miwili. Binti yangu amepata leseni. Msimu huu tunakwenda kuwinda pamoja, mara ya kwanza. Nataka imkae yeye."

Kupima kitako kuna chombo chake: bunduki ya mbao tupu, isiyo na chuma, yenye bawaba na skrubu za kurefusha na kufupisha. Mteja huiweka begani, nami hurekebisha. Nikasimama mbali kidogo, nikimwangalia Amidi nijue kama nimeruhusiwa kumsogelea binti yake. Daktari aliona nasitasita.

"Baba, mwache afanye kazi yake," akasema, akicheka. "Mimi napima watu kutwa nzima. Leo na mimi nipimwe."

Aliiweka ile mbao begani. Nikarefusha, nikapunguza. Nikamwomba afumbe macho, aegemeze shavu penye raha, kisha afumbue. Jicho likafumbuka likitazama sawasawa katikati ya mstari. Nikachukua chaki nikaweka alama mahali shavu lake lilipolala. Ni alama ndogo, urefu wa kidole. Fundi wa vitako hufanya hivyo kwa kila mteja, na ndiyo alama anayoichunga kuliko zote, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha mahali uso wa mtu utakapokuwa.

Nilichagua gogo zuri kuliko yote tuliyokuwa nayo. Mistari yake ilianza myembamba mbele na kutanuka nyuma kama mkia wa ndege. Fundi wa chuma wa Jeddah alifanya kazi yake, nami nikakata kitako, nikaihamishia kwake ile alama ya chaki, nikaanza kazi ya masizi. Nilipaka, nikalaza, nikatoa, nikakwangua. Siku ya tisa chuma kilizama chote, na mbao ikakishika kwa sauti ile tunayoingojea, mnong'ono mdogo wa hewa inayotoka. Nikajua nimemaliza. Nikachukua kitambaa chenye mafuta ya taa kufuta masizi.

Yakafutika yote isipokuwa mstari mmoja.

Ulikuwa kwenye kile kipande cha chuma cha katikati ambacho risasi hufungiwa, kipande Muallim alichokiita moyo. Ulikuwa upande wa kushoto, mfupi kama kope, mweusi. Nikafuta tena. Nikafuta kwa brashi. Nikakiosha chote kwa mafuta ya taa, nikakikausha kwa kitambaa safi, nikakisogeza dirishani. Mstari ulikuwepo. Nikapitisha ukucha juu yake na sikuhisi kitu. Chuma kilikuwa laini kama kigae. Masizi hayakuwa juu ya chuma, yalikuwa ndani yake.

Nikakirudisha kwenye kitako ili nione unaangukia wapi. Mstari ulisimama mbele ya alama yangu ya chaki, upande ule ule, umbali wa viganja viwili.

Nilikaa chini kwanza. Kisha nikaenda ofisini.

Mudiri alitazama akiwa amesimama. Alimwita fundi wa chuma, naye akatazama kwa kioo cha kukuzia. Akasema ni mkwaruzo.

"Mkwaruzo ungehisika kwenye ukucha," nikasema.

"Najjar." Mudiri aliliita jina langu polepole. "Wewe ni wa mbao?"

"Ndiyo, bosi."

"Huyu ni wa chuma. Amesema mkwaruzo. Amidi anakuja Jumapili, wana safari. Unataka nimwambie Amidi kwamba bunduki ya baba yake ni mbovu, kwa sababu seremala ameona uchafu?"

"Nataka Muallim aitazame."

"Muallim yuko Riyadh, na hapa mkuu ni mimi." Akavuta droo, akagusa bahasha ya vibali vya ukaazi. "Ikama yako inaisha mwezi ujao. Karatasi za kuihuisha ziko hapa zinangoja sahihi yangu. Kamalizie kupaka mafuta. Mafi mushkila, hakuna tatizo."

Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Ijumaa asubuhi, tukinywa chai chumbani Kandara, nilimweleza Otieno. Alinisikiliza akiwa ameshika chapati bila kuila.

"Buda, wacha nikuambie ukweli," akasema. "Wewe ni wa mbao. Wamekuambia chuma si yako. Umeongea, wamekataa, imeisha. Uko na watoto wawili college. Ikama ikikatika hapa, unapigwa fine na unarudishwa nyumbani bila kitu. Nyamaza."

"Na ikipasuka?"

"Na isipopasuka?"

Ni kweli, huenda isingepasuka. Bunduki ile ilikuwa imepigwa tangu enzi za baba yake Amidi na haikuwa imemdhuru mtu. Nikajaribu kujiambia hivyo. Lakini kila nilipojiambia, niliona ile alama ya chaki. Nisingekuwa nimempima, pengine ningenyamaza. Ninaandika hili bila kujisifu. Nilikuwa najua kwa milimita uso wa yule binti ungelala wapi, na mtu akishajua kitu kama hicho hawezi kujifanya hakijui.

Nikachukua simu nikampigia Muallim. Nilimweleza kwa Kiarabu changu kilichochechemea, kila hatua, jinsi nilivyopaka na jinsi nilivyofuta. Aliniacha nimalize, kisha akauliza swali moja.

"Ulifuta mara ngapi?"

"Sita, Muallim."

"Usiiguse tena. Nakuja."

Akaja Jumamosi kwa ndege ya asubuhi, mzee yule ambaye hakupenda hata kupanda lifti. Mudiri alikuwa amekasirika hadi masikio yamemgeuka rangi, lakini kwa Muallim hakuwa na ubavu. Muallim akaketi penye dirisha, akashusha miwani ya pajini juu ya ile ya machoni, akashika na kioo cha kukuzia. Alitazama kwa muda mrefu sana.

"Mimi sioni kitu," akasema.

Mudiri akashusha pumzi.

Muallim akaniinulia uso. "Wewe unaona?"

"Naona, Muallim."

"Basi macho yangu ndiyo yaliyokwisha," akasema, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja kwamba chai imepoa. "Lete chaki."

Akatufanyia kitu nilichokuwa nimekisikia tu. Alikitumbukiza chuma ndani ya mafuta ya taa, akakiacha kikae. Akakitoa, akakikausha kabisa, akakipaka unga wa chaki uliolowekwa kwa spiriti, nao ukakauka mweupe kama chokaa ya ukutani. Kisha akasema tungoje. Tulisimama watu wanne, fundi wa chuma akiwemo, kukizunguka kipande cha chuma kisichozidi urefu wa mkono. Baada ya dakika chache, katikati ya ule weupe, pakatokea nukta ya unyevu. Nukta ikawa mstari. Mstari ukarefuka wenyewe, polepole, ukapinda, ukapita pale uzi wangu wa masizi ulipoishia, ukateremka hadi chini mahali ambapo jicho la mtu yeyote lisingefika. Mafuta yaliyokuwa yamejificha ndani ya ufa yalikuwa yanatoka na kujichora. Ilikuwa kama chuma kinakiri.

"Ni jasho la mafuta tu," Mudiri akasema, lakini sauti yake haikuwa na uhakika.

Jumapili Amidi alipofika, Muallim mwenyewe alimweleza. Mzee wa jeshi alisikiliza amesimama, mikono nyuma.

"Baba yangu aliibeba maisha yake yote," akasema. "Mimi niliipiga nikiwa mtoto. Haikunidhuru."

"Ilikuwa inavumilia, Amidi. Sasa imechoka."

"Siwezi kuitupa kwa sababu ya mstari wa chaki."

"Sikuambii uitupe. Nakuambia iulizwe, watu wakiwa mbali."

Tukaenda uwanja wa shabaha ulio nje ya mji, wenye kibali. Bunduki ilifungwa kwenye fremu ya chuma, ikiwa ndani ya kitako changu, na nyuma yake Muallim akaagiza pasimamishwe ubao mwembamba, pale ambapo mpigaji angekuwa. Kamba ndefu ikafungwa kwenye kifyatuo. Sote tukaenda nyuma ya ukuta wa mifuko ya mchanga, na Daktari akiwa kati yetu, kwani alikataa kubaki garini.

Mlio wa kwanza ulikwenda vizuri. Shabaha ikatobolewa karibu na katikati. Mudiri akanitazama.

Wa pili nao ukawa vile vile. Amidi akasema, bila kumgeukia mtu, "Mnaona."

Mlio wa tatu haukuwa mlio wa bunduki. Ulikuwa mkavu na mfupi, kama jiwe kubwa linalopasuliwa. Tulipotoka, moshi ulikuwa bado haujaondoka. Moyo wa bunduki ulikuwa umegawanyika kufuata mstari ule ule uliojichora kwenye chaki, kama vile ulikuwa umepewa ramani. Kitako changu kilikuwa vipande. Na kwenye ule ubao wa nyuma, kibanzi cha mjozi chenye urefu wa kalamu kilikuwa kimechoma na kutokea upande wa pili.

Mudiri aliketi mchangani na kanzu yake nyeupe. Daktari alitembea hadi kwenye ubao, akasimama mbele yake, akajipima kwa mkono kutoka kwenye kibanzi hadi usoni kwake. Vilikuwa usawa mmoja. Akaugusa uso, akarudi kwa baba yake. Yule mzee ambaye mgongo wake haukuwahi kupinda alimshika binti yake kichwa kwa mikono miwili, akakiegemeza kifuani, na mabega yakaanza kumtetemeka.

Baadaye aliniita. "Seremala, ulijuaje?"

Nikamweleza habari ya masizi, kwamba nilifuta na hayakufutika.

"Hicho tu?"

"Hicho tu, Amidi."

Kisha akafanya kitu ambacho watu wa Jeddah waliendelea kukizungumza. Alisimama wima mbele yangu na kunipigia saluti, kama askari kwa mkubwa wake. Mimi sikujua saluti hujibiwaje. Niliinamisha kichwa tu, nimeshika mabaki ya kitako.

Muallim alitueleza kwamba chuma kile kilichomwa kupita kiasi kiwandani, siku za vita, watu wakiwa mbioni kutengeneza nyingi. Kikawa kigumu kwa nje na chepesi kuvunjika kwa ndani, kama glasi. Muhuri wa mkaguzi ulikuwepo, mdogo na mzuri, juu kidogo ya mahali kilipopasukia. Mtu fulani alisimama mbele yake akasema imepita.

Mudiri alitia sahihi karatasi zangu siku iliyofuata, akaniletea mwenyewe mezani kwangu pamoja na kikombe cha chai. Alisema, "Nisamehe." Nilimsamehe, na tangu hapo hakuniambia tena yalla. Kafili aliweka sheria katika maduka yote mawili kwamba bunduki ya zamani haitoki mpaka mtu wa chuma na mtu wa mbao wote wawili waseme ndiyo. Muallim alistaafu mwezi ule ule. Nilimsihi abaki kufundisha tu. Akaniambia hawezi kukaa kwenye kiti ambacho macho yake hayakistahili, na akanirudisha Riyadh niwe mkuu wa chumba cha mbao, nikifanya kazi pamoja na fundi mpya wa chuma aliyemchagua yeye.

Daktari alikwenda kuwinda na baba yake mwaka uliofuata, na bunduki mpya kabisa ya kiwandani. Kitako chake nilikichonga mimi, kwa vipimo vile vile.

Niliendelea na kazi hiyo miaka mingine kumi na mitatu. Vitako nilivyochonga sikuvihesabu, lakini najua kwamba kila kimoja kilikuwa na alama yake ya chaki, na nyuma ya kila alama kulikuwa na uso wa mtu niliyemwona. Nimerudi Wamunyu sasa, nachonga vijiko na viti vya migongo mipana kwa ajili ya wazee wenzangu. Vijana wakija hapa huniuliza nimeua wanyama wangapi. Hawaniamini ninapowajibu kwamba katika kazi ile yote sikuwahi kufyatua bunduki hata mara moja.

Siku yangu ya mwisho Riyadh, wenzangu walinipeleka uwanja wa shabaha. Walikuwa wameandaa bunduki moja, kitako nilichokimaliza wiki ile, na risasi moja. Walisema haiwezekani niondoke bila kujua kazi yangu inavyolia. Mkuu wa uwanja akaitia ile risasi, akanionyesha namna ya kusimama. Nikaiweka begani. Kitako kilikuwa cha mtu mrefu kuliko mimi, lakini nikakiegemeza shavu, nikafumba macho kama nilivyozoea kuwaambia wateja.

Mbao ilikuwa na joto la jua. Ilinipokea shavu lote, bila ncha, bila pengo, na nikasikia ndani yake kitu kilichotulia kabisa. Miaka yote hiyo nilikuwa nikiwaona watu wakifumbua macho mbele yangu na nyuso zao zikabadilika, wala sikujua wanahisi nini. Nilikaa hivyo kwa muda, sijui ni muda gani, nao wakanisubiri.

Kisha nikafumbua macho, nikaitoa ile risasi, nikamrudishia mkuu wa uwanja bunduki yake.